Siku Nane Bila Kengele

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao na ndoo mbili zilizofunikwa, pale kwenye kona, mkabala na geti la ghala la chanjo. Ukuta wa ghala uko hatua ishirini tu, ng'ambo ya barabara, na juu yake, chini ya ukingo wa bati, imening'inia kengele nyekundu yenye ukubwa wa sahani. Kengele hiyo ndiye mwenyekiti wetu. Friji ikizidi joto, inalia. Ikizidi baridi, inalia. Mlango ukiachwa wazi zaidi ya dakika moja, inalia. Na sheria ya benchi inajulikana: ikilia wakati unaongea, umepoteza zamu, unanyamaza, anadaka mwingine. Kahawa ni ya Mama Birika, na birika lake likikauka tunatawanyika. Mzee Spana, fundi pampu mstaafu, hukaa mwisho wa kulia kwa sababu sikio lake la kushoto ndilo linalosikia. Bwana Muhuri alikuwa karani wa posta miaka thelathini, na hadi leo akiweka kikombe chini hukigongesha kama anapiga mhuri. Redio ni kinyozi, na jina lake halihitaji maelezo. Mimi nina mashine ya fotokopi kwenye kibanda nyuma ya benchi, kwa hiyo husikia yote hata nikiwa na kazi. Ijumaa hiyo, saa tatu kasoro robo asubuhi, alivuka barabara Kibodi, kijana anayeandika programu za kompyuta za ghala. Akakaa kwenye ndoo, mkoba wake mapajani. Akapewa kikombe. Hakukinywa.

— Umefiwa? Mama Birika akamuuliza.

— Bado, akasema Kibodi.

Redio akacheka peke yake, kisha akaacha.

— Bado ndiyo jibu gani hilo, mdogo wangu?

— Kengele imekufa.

Mzee Spana akainua uso, akautazama ukuta.

— Mbona iko pale, naiona.

— Ipo, mzee. Haiambiwi kitu. Imekaa tu.

— Si wewe uliyeituliza? akasema Bwana Muhuri. Wiki iliyopita tulikupongeza hapa hapa. Mama akakuongezea kikombe cha pili.

— Sikuituliza. Mlinipongeza nikanyamaza. Nilidhani labda wameanza kufunga mlango vizuri.

Mikono yake ilikuwa inazunguka kikombe polepole, kama mtu anayetafuta mahali palipopasuka.

— Hebu tueleze kama unavyomweleza mtoto, akasema Mama Birika. Huyu Redio asikuingilie.

— Ndani ya ile programu kuna wafanyakazi wawili, akasema Kibodi. Mmoja anasoma vipimajoto vya friji, kila dakika. Mwingine anashika skrini na kengele. Zamani alikuwa mmoja, anafanya yote. Sasa akienda kusoma vipimajoto, skrini inaganda, watu wa ghala wanalalamika. Alhamisi ya wiki iliyopita nikawatenganisha. Kila mtu na uzi wake, yaani njia yake ya kazi, hamna anayemsubiri mwenzake. Msomaji akishasoma, hamtafuti mwenzake. Anaacha ujumbe kwenye foleni, anarudi kazini. Mwenzake atauchukua akipata nafasi.

— Hiyo ni posta, akasema Bwana Muhuri, na mgongo wake ukanyooka.

— Ni posta kabisa. Ila huyo karani wa foleni lazima aujue mzigo wenyewe ni wa aina gani. Lazima aunakili, autunze, aje autoe vilevile ulivyo. Ukimpa namba, anaijua. Ukimpa maneno, anayajua. Mimi nilitengeneza mzigo wangu mwenyewe. Nikafunga pamoja namba za friji zote, digrii zake, mlango uko wazi au umefungwa, saa ngapi. Nikauita Hali. Nikasahau kumsajilia karani kwamba kuna mzigo wa aina hiyo.

— Kwa hiyo karani anafanyaje akiletewa asichokijua? akauliza Bwana Muhuri.

— Anakitupa.

— Hamrudishii mwenyewe?

— Hamrudishii. Anaandika mstari mmoja kwenye faili ambalo halisomwi na mtu. Na yule msomaji wa vipimajoto hajui. Yeye ameshageuka, anaendelea na kazi, anaamini amefikisha.

Bwana Muhuri akakigongesha kikombe chake juu ya benchi, mara moja.

— Karani wa namna hiyo mimi ningemfukuza kabla ya chakula cha mchana.

— Na skrini? nikauliza mimi kutoka mlangoni. Skrini yenu si ipo inawaka? Juzi nililetewa fomu za kunakili, nikaiona. Kijani tupu.

— Inaonyesha kitu cha mwisho ilichoambiwa, akasema Kibodi. Digrii nne, kijani, Alhamisi saa kumi jioni. Tangu hapo ni saa kumi jioni mle ndani.

Hapo ndipo kila mtu akaona ana la kusema.

— Panavuja hapo, akasema Mzee Spana. Nimefanya pampu maisha yangu yote. Maji yasipotoka mbele yametoka pembeni. We tafuta palipolowa, utayakuta.

— Hapajalowa popote, mzee.

— Haiwezekani pasilowe.

— Huko kwetu inawezekana.

— Msikilize karani, akasema Bwana Muhuri. Posta tulikuwa na chumba cha barua zisizo na mwenyewe. Zinakaa humo mwaka mzima, zina vumbi lakini zipo. Chumba hicho lazima kipo, ila mkubwa wako hajakuonyesha. Omba ufunguo.

— Bwana Muhuri, hakuna chumba. Mzigo ukitupwa hapo umekwisha, kama mvuke wa hilo birika.

— Basi zinakwenda kwa mtu, akasema Redio. Hapana, nisikilizeni. Kuna mtu mahali fulani anapokea. Yuko kitandani kwake, kila dakika simu yake inaita: friji namba moja, digrii tano. Friji namba mbili, digrii sita. Hajui ni za nani. Ameshabadilisha laini mara mbili. Mkewe ameshamkimbia.

— Redio.

— Na kama si mtu, ni mashine yenyewe. Hebu fikirini. Tumekaa hapa mwaka mzima tukiitukana hiyo kengele. Inatukata maneno, inamwamsha mtoto wa Mama, tunasema kila siku kelele hizi ziishe. Mle ndani kuna kitu kinasikiliza. Kikasema, hawa wanataka kimya, wacha niwape kimya.

Kwa kawaida hapo tungecheka. Redio mwenyewe alikuwa ameshaanza kutabasamu, akingoja. Lakini wote tulikuwa tunaitazama ile sahani nyekundu ukutani, na yeye akageuka akaitazama pia, tabasamu likamshuka taratibu.

Mama Birika alikuwa anafuta kikombe kilichokwisha kukauka.

— Redio, akasema. Hivi mara ya mwisho ulinyamazishwa lini?

— Na nani?

— Na kengele.

— Mimi hunyamazishwa kila siku.

— Si kila siku. Jumatatu ulisimulia habari ya mjomba wako aliyemwoa mwenye nyumba wake. Ukaimaliza.

— Niliimaliza, ndiyo.

— Mwaka mzima unaianza hiyo habari. Hujawahi kuvuka pale anapoomba kisahani cha chumvi. Jumatatu ulifika mpaka harusini. Ukataja na sare.

Redio akahesabu kwa vidole. Jumatatu harusi. Jumanne ile ya mteja aliyesinzia akanyolewa kichwa kizima. Jumatano, jana, zote alizimaliza. Alipofika kidole cha mwisho akaukunja mkono mzima, akauweka kwenye mfuko wa koti.

— Magari yamepakia mizigo kila asubuhi, akasema Bwana Muhuri polepole. Milango inakuwa wazi robo saa nzima. Ilitakiwa ilie kila asubuhi.

— Na sisi tulikuwepo, akasema Mama Birika.

— Tulikuwepo, na tulikuwa tunakunywa kahawa.

Niliwahi kusikia watu wakisema wameogopa, na nimewahi kuogopa mwenyewe, mbwa, radi, simu inayoita alfajiri. Hofu ya asubuhi ile haikuwa hivyo. Kulikuwa na jua. Kulikuwa na mtu anafagia mbele ya geti, na ufagio wake ulisikika vizuri sana.

— Lakini uliijaribu, akasema Mzee Spana. Fundi hafungi kazi bila kujaribu.

— Niliijaribu, mzee. Ofisini kwangu. Ila kwenye jaribio wafanyakazi wote wawili nilikuwa nimewaweka kwenye uzi mmoja, kwa sababu ni rahisi. Ukiwa kwenye uzi mmoja hakuna foleni. Huyu anampa huyu mkononi. Na mkononi hakuna karani wa kuuliza umebeba nini. Kengele ililia vizuri. Nikazima kompyuta, nikaenda kula.

— Ulikula nini?

— Sikumbuki, mzee.

— Mimi pampu niliyoifunga vibaya nakumbuka hadi nilichokula siku ile.

Alisema bila ubaya. Kisha akasogea kwenye benchi, sikio la kushoto likaelekea kwa kijana.

— Ile friji namba tatu. Si ndiyo iliyokuwa inalia kwa baridi?

Kibodi akaitikia kwa kichwa.

— Kidhibiti chake kimechoka. Inashuka chini ya sifuri yenyewe. Ikilia, mtunza ghala anakwenda anakizungusha kidogo, inarudi.

— Na isipolia haendi.

— Haendi. Anaangalia skrini. Skrini ni kijani.

— Chanjo ikiganda inakuwaje?

Kibodi akaweka kikombe juu ya goti. Alikuwa anatazama kahawa yake, ambayo ilikuwa imeshapoa.

— Joto likizidi, kichupa kina alama inabadilika rangi, muuguzi anaiona, anakitupa. Baridi haina alama. Zipo chanjo ambazo zikiganda kisha zikayeyuka, nguvu yake imekwisha, na kwa macho kichupa ni kilekile. Ukimchoma mtoto, analia vilevile. Uvimbe wa sindano unakuwa vilevile. Kadi inaandikwa.

— Mjukuu wangu amechomwa Jumanne, akasema Mzee Spana.

Mtu wa ufagio alikuwa amemaliza.

— Kituo gani? akauliza Mama Birika.

— Hiki cha hapo mbele. Wanachukua humu humu. Nilimbeba mwenyewe, mama yake alikuwa kazini. Nikamshika mguu.

— Pengine ilitoka friji namba moja, mzee. Pengine namba mbili, akasema Redio.

— Pengine. Mzee akamgeukia Kibodi. Mwanangu, ana chanjo au hana?

— Sijui, mzee wangu.

— Mashine inajua?

— Ilijua. Kila dakika ilijua, kwa kitambo kidogo, kisha ikatupa. Leo asubuhi ndiyo nimelifungua lile faili la makosa. Mstari mmoja umejirudia mara elfu kumi na moja na ushee. Siwezi kupokea mzigo wa aina ya Hali, haujasajiliwa. Siwezi kupokea mzigo wa aina ya Hali, haujasajiliwa. Nimeshuka na kidole mpaka kimechoka. Kila mstari unasema kuna kitu kimetupwa. Hakuna hata mmoja unaosema ndani kulikuwa na nini.

— Umemwambia nani?

— Nimewaambia ninyi.

— Mkuu wa ghala?

— Yuko ofisini kwake. Nimepita mlangoni mara mbili. Mara ya pili akaniuliza mama yangu anaendeleaje, nikamjibu anaendelea vizuri, nikatoka.

Redio akavuta ndoo yake karibu, akashusha sauti, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya.

— Sikiliza, mdogo wangu. Kuirekebisha inachukua muda gani?

— Ni mstari mmoja wa kusajili. Nimeshauandika. Uko humu. Akaugusa mkoba. Nikiuweka na kuwasha upya, dakika tano.

— Sasa si uuweke? Ingia, uweke, uwashe. Kengele itaanza kulia, mtunza ghala atazungusha hicho kidhibiti chake, sisi tutaanza kulalamika kama zamani. Siku nane zitapita kama siku nyingine. Skrini ilikuwa kijani, nani atauliza?

Hakuna aliyemkemea. Hicho ndicho kilichonitisha kuliko habari yote ya karani na foleni: kwamba kwa muda wa pumzi mbili, tatu, kila mmoja wetu alilipima lile neno akaona linafaa. Hata Mzee Spana alikuwa anatazama chini. Kama hakuna atakayeuliza, basi mtoto ana chanjo. Ingekuwa rahisi hivyo.

Bwana Muhuri ndiye aliyefuata kusema. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili na hakukigongesha.

— Mwaka wangu wa nne posta, gunia moja lililowa. Paa lilivuja, kosa si langu. Lakini funguo zilikuwa zangu. Nikaanika barua juu ya meza, zile zilizosomeka nikazipeleka. Zisizosomeka nikazichoma nyuma ya choo. Mkuu hakuuliza. Hakuna mtu aliyeuliza, kwa sababu huwezi kuulizia barua usiyojua kwamba uliandikiwa.

— Ikaisha vizuri, akasema Redio.

— Iliisha vizuri sana. Nina miaka sitini na saba, na nikimwona mtu amekaa mahali anasubiri, mtu yeyote, hata asiyenijua, mimi hubadilisha njia.

Kibodi akafungua mkoba, akaufunga tena.

Wakati huo geti lilifunguka, akatoka dada mmoja mwenye sare ya uuguzi, begani amening'iniza boksi la bluu la kubebea chanjo. Hatukuwahi kumwona. Akatazama huku na huku, akavuka, akatusalimu wote kwa pamoja, akauliza kama anaweza kukaa kwa sababu gari la kumrudisha limekwenda kuziba pancha. Nilimsogezea kigoda changu. Akaliweka boksi mapajani, akalikumbatia kama mtu anayembembeleza mtoto aliyesinzia.

— Leo ndiyo siku yangu ya kwanza kuja huku, akasema. Aliyekuwa anakuja yuko likizo. Kuna kina mama wananisubiri kituoni tangu saa kumi na mbili. Wengine wametembea kabla hakujapambazuka. Mama, nipatie kahawa kidogo, vidole vimekufa ganzi.

— Kwa nini vimekufa ganzi? akauliza Mzee Spana.

— Friji yenyewe, mzee. Hiyo namba tatu. Ina baridi sana. Au labda ni mimi, huwa nasikia baridi upesi. Nikatazama skrini ikaniambia digrii nne, nikajua ni mimi.

Akapokea kikombe. Akanywa. Kisha akaona nyuso zetu, mmoja baada ya mwingine, na kikombe kikarudi chini.

— Kuna nini?

Hapo Kibodi angeweza kunyamaza. Tungemsaidia kunyamaza, Mungu atusamehe; Redio alikuwa ameshafungua mdomo aanze habari nyingine. Lakini kijana alimwambia. Hakusema foleni, hakusema karani wala uzi. Alisema tu: Dada, ile skrini haijui kitu. Haijui kitu tangu Alhamisi ya wiki iliyopita. Mimi ndiye niliyeharibu.

Dada akasikiliza mpaka mwisho. Hakupandisha sauti. Akaliangalia boksi.

— Sawa, akasema. Basi niambieni jambo moja. Hili nililobeba, nilipeleke au nilirudishe?

Mzee Spana akamtazama Bwana Muhuri. Bwana Muhuri akanitazama mimi. Redio, ambaye ana jibu la maswali ambayo hayajaulizwa, alikuwa anakuna kidevu. Ukipeleka, unachoma maji na kuandika kadi. Ukirudisha, na kumbe ni nzima, umewarudisha kina mama wale nyumbani na watoto wao mikono mitupu, na wengine hawatarudi. Digrii ngapi ilikuwa ndani ya friji ile jana, juzi, Jumanne? Ilisomwa. Ilifungwa vizuri. Ilitupwa.

— Mbona hamnijibu? akasema dada, kwa upole.

Kibodi akasimama. Akaweka kikombe chake kilichojaa kando ya birika, akashika mkanda mmoja wa boksi, dada akashika wa pili, wakavuka barabara pamoja, kama watu wawili waliobeba kitu kizito mno. Walipofika getini nilimwona kijana akisita, kisha nikamwona akigeukia mkono wa kushoto, upande wa ofisi ya mkuu. Chumba cha kompyuta kiko kulia.

Tukakaa.

Mama Birika akainamisha birika, likatoa matone mawili na mashapo. Siku nyingine hapo huwa tunajikung'uta, kila mtu kwake. Hakuna aliyeinuka. Tulikuwa tunaitazama kengele, sisi tulioichukia mwaka mzima, na sikujua tunaiomba nini. Isipolia, bado ni mfu. Ikilia, kuna kitu kimeganda.

Mzee Spana akatoa simu, akaipiga, akaiweka kwenye sikio la kushoto.

— Mama, akamwambia binti yake. Ni mimi. Hapana, hakuna ubaya. Nilitaka kujua tu mtoto ameamkaje. Amenyonya? Vizuri. Joto hana? Vizuri. Hapana, nauliza tu. Ile kadi yake ya kliniki, iko wapi? Hebu itafute.

Saa nne na dakika sita ikalia.

Ililia kwa nguvu kuliko nilivyokumbuka, ikatikisa bati, ikawatoa njiwa ukutani. Haikukatika. Tulingoja ikatike kama zamani, mtunza ghala akizungusha kidhibiti, lakini iliendelea. Mzee alikuwa amefungua mdomo aseme kitu akanyamaza, maana ndiyo sheria. Sauti ya binti yake ikasikika kutoka kwenye simu, ndogo lakini wazi, mpaka mimi mlangoni niliisikia.

— Baba, hiyo kelele ni ya nini?

Mzee akatuangalia, mmoja mmoja, kuanzia kushoto. Zamu ilikuwa wazi. Hakuna aliyeitaka.